Lugha ya Alama Chuoni: Utafiti na Ufundishaji Katika Afrika Mashariki

Ibara ya 120 ya Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, inataja lugha tatu za Bunge la nchi hiyo: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya. Ibara ya 7 ya katiba hiyo hiyo inaipa dola wajibu wa kukuza na kuendeleza matumizi ya lugha hiyo, na Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano. Ni maneno machache, nayo yamewekwa mahali pa juu kabisa pa sheria.

Sheria, hata hivyo, huweza kuitaja lugha bila kuileta mezani. Ili mbunge kiziwi achangie hoja, lazima awepo mkalimani aliyefunzwa. Ili mkalimani afunzwe, lazima wawepo wakufunzi, kamusi na maelezo ya sarufi ya lugha husika. Na ili kamusi na sarufi viandikwe, mtu lazima akae na viziwi kwa miaka mingi, arekodi mazungumzo yao, ayachambue na kuyapanga. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo ya chuo kikuu, na katika Afrika Mashariki imefanyika kwa hatua zisizolingana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Istilahi zenyewe zinahitaji neno la utangulizi. Nchini Tanzania jina lililokubalika ni Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa kifupi LAT. Nchini Kenya wengi husema lugha ya ishara au lugha ishara. Makala haya yanatumia "lugha ya alama" kote. Ama neno "kiziwi", wapo wanaoliona kuwa kali na kupendelea "mtu asiyesikia", lakini viziwi wengi hulikubali. Chama chao cha kitaifa nchini Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Linalowachukiza ni "bubu", na wana sababu. Neno hilo hudai kwamba mtu hana lugha, hali anayo, ila aliye mbele yake haijui.

Si Kiswahili cha mikono

Dhana mbili potofu hukutana na kila mwanafunzi anayeanza masomo haya. Ya kwanza ni kwamba lugha ya alama ni moja duniani kote. Shirikisho la Viziwi Duniani linakadiria kuwa zipo lugha za alama zaidi ya 300, zinazotumiwa na viziwi wapatao milioni 70. Mmarekani na Mwingereza wanaosikia husemezana kwa Kiingereza bila shida. Mmarekani kiziwi na Mwingereza kiziwi hawaelewani kwa alama zao, kwa kuwa lugha ya Marekani ina nasaba na ile ya Ufaransa, iliyoletwa na mwalimu kiziwi Laurent Clerc aliyeshiriki kufungua shule ya viziwi mjini Hartford mwaka 1817. Vivyo hivyo, Lugha ya Alama ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania ni lugha tatu, ingawa majirani hukopeshana.

Dhana ya pili ni kwamba lugha ya alama ni Kiswahili au Kiingereza kilichohamishiwa mikononi, neno kwa neno. Dhana hii ndiyo iliyochelewesha utafiti kwa muda mrefu, kwa sababu hapana anayechunguza sarufi ya kitu anachoamini hakina sarufi.

Aliyeivunja alikuwa William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza aliyefika Chuo cha Gallaudet mjini Washington mwaka 1955. Gallaudet ilikwisha kuwa taasisi ya elimu ya juu ya viziwi tangu mwaka 1864, Rais Abraham Lincoln alipotia saini sheria ya kuiruhusu kutoa shahada. Hata huko, alama zilichukuliwa kuwa msaada wa kufundishia Kiingereza, si lugha ya kusomwa kwa ajili yake yenyewe. Stokoe aliwatazama wanafunzi wake wakiongea wao kwa wao na kugundua kwamba alama haikuwa picha moja isiyogawanyika. Iliundwa na vipande vidogo: umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Ukibadilisha kipande kimoja, maana inabadilika, kama inavyobadilika katika "pata" na "bata". Alichapisha uchambuzi wake mwaka 1960. Baadhi ya wenzake chuoni waliupokea kwa dhihaka.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1965, Stokoe na wenzake wawili viziwi, Dorothy Casterline na Carl Croneberg, walitoa kamusi ya lugha hiyo ya Marekani. Haikupangwa kwa mfuatano wa maneno ya Kiingereza, bali kwa sehemu za alama zenyewe. Huo ulikuwa uamuzi wa kitaalamu wenye uzito: lugha ilipewa kamusi yake, badala ya kuwa safu ya tafsiri pembeni mwa lugha nyingine. Ni vyema kuyataja majina ya Casterline na Croneberg, kwa kuwa masimulizi mengi humtaja Stokoe peke yake.

Baada yake watafiti wengine waliongeza vipengele viwili: mwelekeo wa kiganja, na yale yanayofanywa na uso, kichwa na mabega. Mfano wa wazi kutoka lugha ya Marekani ni alama za MAMA na BABA. Umbo la mkono ni moja, mkono uliokunjuliwa kwa vidole vitano, na mguso wa kidole gumba ni ule ule. Ukigusa kidevu ni mama. Ukigusa paji la uso ni baba.

Sarufi inayoonekana

Msomaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kuelewa sarufi hiyo, pengine ya karibu kuliko msemaji wa Kiingereza. Katika "ninakupa" na "unanipa", tofauti ya nani anatoa na nani anapokea imo ndani ya kitenzi, katika viambishi vya nafsi. Lugha nyingi za alama hufanya jambo linalofanana na hilo kwa kutumia nafasi. Mkono unaobeba kitenzi cha kutoa huanzia upande wa mtoaji na kuishia upande wa mpokeaji. Ikiwa wahusika hawapo, msemaji huwapangia mahali hewani mbele yake, mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha vitenzi husafiri kati ya sehemu hizo muda wote wa masimulizi. Anayesikiliza, au tuseme anayetazama, hukumbuka nani yuko wapi.

Kuna pia maumbo ya mkono yanayobadilika kufuatana na aina ya kitu kinachosogea au kilichowekwa mahali: mtu anayetembea, gari, kitu bapa, kitu cha mviringo. Mwanaisimu wa lugha za Kibantu atakumbuka ngeli. Mfanano huo una mipaka, kwani ngeli za Kiswahili hutawala upatanisho wa sentensi nzima, ilhali maumbo haya hukaa zaidi katika vitenzi vya mwendo na mahali. Hata hivyo, unamsaidia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuacha kuziona alama kama maigizo.

Uso ndio sehemu inayowashinda wanafunzi wengi wanaosikia. Wao hudhani kukunja nyusi au kutikisa kichwa ni hisia. Katika lugha ya Marekani, nyusi zilizoinuliwa hugeuza sentensi kuwa swali la ndiyo au hapana, na nyusi zilizokunjwa huambatana na maswali ya nani, wapi na lini. Kutikisa kichwa pekee kwaweza kukanusha sentensi ambayo mikono yake haina alama yoyote ya ukanushi. Athari ya jambo hili haibaki darasani. Mkalimani aliyefunzwa kutazama mikono tu aweza kusimama mbele ya hakimu na kutafsiri "sikuchukua" kuwa "nilichukua". Hapo sarufi ya nyusi na kichwa huwa suala la uhuru wa mtu.

Mwaka 1987 Howard Poizner, Edward Klima na Ursula Bellugi walichapisha kitabu kuhusu viziwi waliopata kiharusi. Wale ambao ubongo wao uliumia upande wa kushoto, unaobeba lugha kwa watu wengi wanaosikia, walipoteza uwezo wa kuunda au kuelewa alama, ingawa mikono yao iliendelea kufanya kazi nyingine. Walioumia upande wa kulia walipata shida katika mambo ya nafasi na michoro, lakini lugha yao ilibaki kwa kiasi kikubwa. Ubongo, kwa maneno mengine, huishughulikia lugha ya alama kama lugha.

Kutoka Milano hadi Tabora

Wakati utafiti huo ulipokuwa ukiendelea, shule nyingi duniani zilikuwa bado zikifuata azimio la mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano, Italia, mwaka 1880. Mkutano huo wa wajumbe 164, ambamo kiziwi alikuwa mmoja tu, uliamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa matamshi na kusoma midomo, na alama ziondolewe darasani. Ilichukua miaka 130 kabla ya mkutano wa kimataifa wa aina hiyo hiyo, uliokaa Vancouver, Kanada, mwaka 2010, kulikataa azimio hilo rasmi na kueleza masikitiko kwa madhara yake.

Shule za kwanza za viziwi Afrika Mashariki zilizaliwa ndani ya mkondo huo. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Nchini Kenya, shule za Mumias na Nyang'oma zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwalimu alifundisha kwa midomo. Watoto, wakiwa bwenini na uwanjani, walitunga na kurithishana alama zao. Ndiyo maana viziwi wazee wa Tanzania waliosoma shule tofauti walikuwa na alama tofauti kwa vitu vile vile, na ndiyo maana mtafiti anayefika leo huanza kwa kumuuliza mzungumzaji alisoma wapi, kabla ya kumuuliza anatoka mkoa gani.

Mkondo wa pili uliletwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1954 alihitimu Gallaudet, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza katika chuo hicho. Mwaka 1957 alifika Ghana na kuanza kufungua shule. Hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwezi Desemba 1987, alikuwa ameanzisha zaidi ya shule 30 katika nchi mbalimbali za Afrika. Foster alifundisha kwa alama, na kwa watoto wengi hilo lilikuwa ukombozi. Alama zenyewe, hata hivyo, zilitoka Marekani kwa sehemu kubwa. Wanaisimu wa Afrika wamerithi swali gumu kutokana na kazi hiyo: alama iliyokuja na mwalimu na kutumiwa na vizazi viwili ni ya kigeni bado, au imekwisha kuwa ya wenyeji?

Swali hilo lina upande wa Kiswahili. Baadhi ya alama za Marekani hubeba herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza. Alama ya MAJI huko huundwa kwa vidole vitatu vinavyoonyesha W, kwa sababu neno la Kiingereza la maji huanza na herufi hiyo. Mtoto wa Singida au Kwale anayeandika "maji" daftarini hana sababu ya kuikumbuka W. Wapo wanaotaka alama za namna hiyo zibadilishwe, na wapo wanaosema kwamba Kiswahili chenyewe kimejaa maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza bila kupoteza Uswahili wake. Hoja ya pili ina nguvu zaidi kihistoria. Mwamuzi wa mwisho, kwa vyovyote, ni matumizi ya viziwi wenyewe. Kamati ya wanaosikia haiwezi kuamua kwa niaba yao.

Nairobi, Kampala, Dar es Salaam

Mradi wa Utafiti wa Lugha ya Alama ya Kenya ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991 kwa msaada kutoka Uswidi. Mwanaisimu Duncan Okoth Okombo, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa miongoni mwa waliouongoza na kuutetea, akisisitiza kwamba lugha hiyo ichunguzwe kwa vigezo vile vile vinavyotumika kwa Kijaluo, Kikikuyu au Kiswahili. Mradi ulijumuisha watafiti viziwi na wanaosikia, ukakusanya msamiati, ukafundisha watu wa kawaida, wazazi na watumishi wa umma, na kuwaandaa wakalimani. Mwenzake mmoja wa miaka hiyo, Philemon Akach, baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Free State nchini Afrika Kusini na kujenga huko mafunzo ya Lugha ya Alama ya Afrika Kusini. Lugha hiyo ilikuja kuwa lugha rasmi ya 12 ya nchi hiyo mwezi Julai 2023.

Matunda ya kazi ya Kenya yanaonekana nje ya chuo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka vituo vya televisheni kuweka mkalimani katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Lugha ya Alama ya Kenya ni somo linalotahiniwa shuleni, na mtahiniwa kiziwi hulifanya badala ya Kiswahili. Uamuzi huo umewapa watoto somo katika lugha yao, ingawa una gharama yake: kijana kiziwi wa Kenya anaweza kumaliza shule akiwa na Kiingereza cha kuandika na bila Kiswahili cha kuandika, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia elimu ya msingi, hali ni kinyume. Walimu wanaolinganisha mitaala ya nchi hizi mbili wana jambo la kujifunza kutoka kila upande.

Uganda ilitangulia kisheria. Katiba yake ya mwaka 1995, katika malengo ya kitaifa, inaitaka dola kukuza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni. Kitaaluma, kazi kubwa imefanyika katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa taasisi ya kitaifa ya elimu maalumu. Kyambogo hutoa stashahada ya ukalimani wa lugha ya alama, na mradi wake wa utafiti ulichapisha kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda mwaka 2006. Mmoja wa wahariri wa kamusi hiyo, Sam Lutalo-Kiingi, ni kiziwi. Mwaka 2014 alitunukiwa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Uingereza, kwa tasnifu kuhusu sarufi ya lugha yake mwenyewe. Tofauti kati ya kiziwi anayeulizwa maswali na kiziwi anayeuliza maswali ni kubwa, na Uganda imeivuka mapema kuliko nchi nyingi.

Nchini Tanzania, kamusi ya LAT iliyoandaliwa na mwanaisimu Henry Muzale ilitolewa mwaka 2004 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuwekwa kwa LAT ndani ya mradi huo, pamoja na Kihaya, Kinyambo na lugha nyingine za nchi, kulikuwa na maana: ilihesabiwa kuwa lugha ya Tanzania miongoni mwa lugha za Tanzania, haikupelekwa kando kwenye rafu ya tiba au ustawi wa jamii. CHAVITA nayo, kwa miaka mingi, imekusanya alama na kuwafundisha wananchi, mara nyingi ikifanya kwa fedha kidogo kazi ambayo kwingineko hufanywa na idara nzima ya chuo.

Miradi ya aina hii ina udhaifu mmoja unaofanana, nao si wa Afrika pekee. Huanza kwa ruzuku ya miaka michache na hutegemea watu wachache. Kituo cha Taaluma za Viziwi cha Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kilianzishwa mwaka 1978 na kusifiwa duniani; ni hapo Paddy Ladd alipofundisha, naye alichapisha mwaka 2003 kitabu chake kuhusu utamaduni wa viziwi. Hata hivyo kituo hicho kilifungwa katika miaka ya 2010. Ikiwa chuo chenye uwezo wa Bristol kiliacha, programu isiyo na nafasi za ajira za kudumu katika chuo chochote kile iko katika hatari hiyo hiyo. Kinyume chake, Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg kilianzisha kituo chake cha taaluma za viziwi mwaka 1998 na kukiunganisha na ualimu, fani ambayo serikali lazima iigharimie kila mwaka.

Nini hufundishwa

Neno "taaluma za viziwi" lina mawanda mapana kuliko lugha peke yake. Mwanafunzi husoma isimu ya lugha ya alama, historia ya elimu ya viziwi, sheria na sera, saikolojia ya ujifunzaji, na utamaduni wa jamii yenyewe: hadithi, ushairi wa mikono, desturi za kupeana majina. Kila kiziwi hupewa jina la alama na wenzake, mara nyingi kutokana na sura au tabia, na mwanafunzi anayesikia halijipi mwenyewe, husubiri apewe.

Ufundishaji bora wa lugha hufanyika darasani bila sauti, kwa mwalimu kiziwi. Hapo hutokea kikwazo cha kiutawala. Taratibu za ajira za vyuo vikuu hudai shahada ya uzamili au ya uzamivu, na viziwi waliopata nafasi ya kufika huko ni wachache kutokana na shule walizopitia. Hivyo mjuzi wa lugha huajiriwa kama msaidizi, na anayeijua nusu huwa mhadhiri. Vyuo vinavyoajiri wakufunzi wa lugha kwa kigezo cha ustadi, kama vifanyavyo kwa lugha za kigeni, vina suluhisho la sehemu.

Ukalimani ni fani tofauti na kujua lugha. Mtoto anayesikia aliyelelewa na wazazi viziwi huweza kuwa na ufasaha mkubwa na bado asiweze kutafsiri hotuba ya bajeti. Mafunzo yanahusu kumbukumbu, maadili, usiri, istilahi za mahakama na hospitali, na hata uchovu: wakalimani wawili hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa kuwa usahihi hushuka mmoja akiendelea peke yake. Ofisi inayomwita mkalimani mmoja kwa semina ya siku nzima hupata, baada ya chakula cha mchana, huduma pungufu bila kujua.

Upande wa utafiti, kazi imehama kutoka michoro ya alama kwenye karatasi kwenda picha za video zilizofafanuliwa kwa kompyuta. Programu inayotumiwa sana, ELAN, ilitengenezwa na Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, Uholanzi, na hutolewa bure. Kwa mradi wa Uingereza walirekodiwa viziwi 249 katika miji minane. Kurekodi ni sehemu fupi. Kuandika maelezo ya kila alama, mkono wa kulia, wa kushoto, macho na midomo, huchukua miaka. Kuna pia suala la faragha lisilowahusu sana watafiti wa lugha za sauti. Jina la msemaji laweza kufichwa. Uso wa mwenye kutumia lugha ya alama hauwezi kufichwa bila kuifuta sarufi iliyomo usoni. Kwa hiyo ridhaa huombwa kwa lugha ya alama, kwa video, na kueleza ni nani ataiona picha hiyo na kwa muda gani.

Umri ambao mtoto anaanza

Katika mambo yote yanayochunguzwa, lenye haraka kuliko yote ni umri. Utafiti wa Marekani unaonyesha kwamba zaidi ya watoto viziwi 9 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto wa wazazi wanaosikia husikia lugha tangu kuzaliwa; mtoto kiziwi katika nyumba hiyo hana anachopokea hadi mtu amletee lugha anayoweza kuiona. Elissa Newport na Rachel Mayberry, katika kazi walizofanya kwa nyakati tofauti, walionyesha kwamba waliojifunza lugha ya alama wakiwa wadogo huimudu sarufi yake kuliko waliochelewa, hata baada ya miaka mingi ya matumizi. Mayberry aliongeza jambo lenye uzito kwa mitaala: aliyechelewa kupata lugha ya kwanza hupata shida pia katika lugha ya pili, ikiwemo ya kuandika. Hoja ya zamani kwamba alama humzuia mtoto kujifunza kusoma haina msingi katika matokeo hayo.

Nicaragua ilitoa ushahidi wa upande mwingine. Shule za viziwi zilipopanuliwa mjini Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto waliokuja na ishara za nyumbani tu walikutana kwa wingi kwa mara ya kwanza. Ndani ya miaka michache lugha mpya ilizaliwa kati yao, na watoto wadogo waliofuata waliifanya kuwa na sarufi changamano kuliko ile ya wakubwa wao. Watafiti Judy Kegl na Ann Senghas waliifuatilia ikikua. Kilichohitajika kilikuwa watoto wenye umri mdogo na wenzao wa kuongea nao.

Kwa Afrika Mashariki, maana yake ni kwamba utafiti wa chuo unatakiwa kuifikia kliniki ya mama na mtoto kabla haujafika bungeni. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliandikisha zaidi ya watu 150,000 wenye ugumu wa kusikia. Kwa watoto walio miongoni mwao, miaka ya kwanza haitarudi. Mzazi wa kijijini anayegundua kwamba mwanawe hasikii huambiwa asubiri umri wa kuanza shule, na shule yenyewe ni ya bweni, mbali. Anachohitaji kwanza ni mtu mzima kiziwi wa jirani, na masomo ya jioni ya alama mia za mwanzo. Mradi wa Nairobi ulipowafundisha wazazi, ulikuwa unafanya kazi hiyo hasa.

Kwa vijana viziwi wanaofika chuo kikuu, tatizo hubadilika sura. Mwanafunzi hawezi kumtazama mkalimani na kuandika kwa wakati mmoja, hivyo anahitaji mwenzake wa kumwandikia. Mhadhiri anayegeuka kuelekea ubaoni akiendelea kusema humwacha mkalimani nyuma. Istilahi ndizo ngumu zaidi. Kwa dhana za biokemia, takwimu au sheria za ardhi mara nyingi hakuna alama inayojulikana, na kutaja neno refu herufi kwa herufi kwa vidole, mara 40 katika mhadhara mmoja, hakuwezekani. Mwanafunzi na mkalimani wake hukaa kabla ya kipindi na kutunga alama za muda, ambazo huboreshwa wiki hadi wiki mpaka zinatosha kubeba somo zima. Zisiporekodiwa na idara, mwanafunzi huyo anapohitimu alama hizo huondoka naye, na kiziwi wa mwaka unaofuata huanza upya na mkalimani mwingine.